Jumapili Nilipouvunja Mstari wa Salamu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini. Chekeni kwanza, kisha tuendelee.

Ninyi mnaoshika mlango sasa mnaijua sheria ya kanisa letu: protokole ni kazi ya vijana, na mtu akifikisha thelathini anavua glavu, anamkabidhi mwenzake, anakwenda kukaa kwenye benchi kama watu wote. Niliijua sheria hiyo tangu mwanzo. Hata hivyo, Jumapili niliyokabidhi, nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu vya kanisani miguuni mpaka jioni, kwa sababu sikujua nitavivaa tena kwa kazi gani. Riziki, ambaye sasa ndiye mkuu wenu, ameniomba niwaandikie mambo ya kazi ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi. Nimechana kurasa nyingi. Nikiandika naona nimejisifu, nachana. Nikianza upya naona nimejilaumu kwa namna ambayo nayo ni kujisifu, nachana tena. Hii nitaiacha ilivyo, na makosa yake.

Kama daftari hili litasomwa na mtu wa nje, ajue kwamba protokole ni wale wanaopokea watu mlangoni siku ya ibada. Ndio wanaopanga mabenchi, wanaomwonyesha mgeni pa kukaa, wanaomtoa nje mlevi anayeimba kabla ya kwaya. Hakuna chuo cha kazi hii. Sikusomea. Nilijifunza kwa kutazama na kwa kuaibika.

Vita ya 1996 ilitutoa Walungu, kule Kongo, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tulipita njia nyingi, na nilipofika kambi hii ya Nakivale, Uganda, nilikuwa kijana mwenye ndevu tatu na shule ya msingi ambayo haikuisha. Kanisa wakati ule lilikuwa miti ya mikaratusi na shitingi, turubai la plastiki, juu yake. Jumapili yangu ya kwanza niliwahi kabla ya watu. Mabenchi yalikuwa yamekaa ovyo, moja linatazama mimbari, jingine linatazama ziwa. Lazima niwaambie ukweli kuhusu mimi: kitu kikikaa upande, mwili wangu unawasha. Nikaanza kuyanyoosha. Nilikuwa nimefika benchi la mwisho niliposikia sauti nyuma yangu.

"Weye ni nani, unapanga kanisa yangu?"

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, kitenge kimefungwa juu ya kifua, mikono inanuka ndagala, dagaa wa ziwani.

"Byamungu, Mama."

"Byamungu wa nani?"

"Sina mtu hapa, Mama."

"Basi utakuwa wangu. Lakini ile benchi ya nyuma umeiweka mubaya. Ile ni fasi ya bamama benye batoto. Mutoto akilia, mama yake atapita wapi? Juu ya magoti ya Pasta?"

Huyo ndiye Mama Nabintu. Mnamjua nyote, lakini mnamjua akiwa mzee mwenye fimbo. Wakati ule alikuwa mkuu wa mashemasi wanawake, mjane anayeuza ndagala soko la Rwekubo, na hakuna kilichoingia au kutoka kanisani bila yeye kukiona. Nilihamisha benchi. Miaka miwili baadaye nilikuwa naushika mlango.

Mambo aliyonifundisha ni madogo, na ndiyo yanayofanya kazi. Mtazame mtu miguu kabla ya uso. Mwenye vumbi juu ya vifundo ametoka mbali, huyo mpe maji kwanza, kitabu cha nyimbo baadaye. Mgeni usimuulize jina kabla hajakaa, kwa sababu mtu aliyesimama anafikiri unamhoji, na hapa kwetu kila mtu amekwisha kuhojiwa vya kutosha mipakani na ofisini. Wanaume wawili waliogombana wiki hiyo usiwaweke benchi moja kwa kusudi la kuwapatanisha. Hiyo si kazi yako, na wakipigana utasafisha wewe.

Mengine nilijiongezea mwenyewe. Nilikwenda Mbarara, nikasimama nje ya hoteli moja nzuri karibu nusu ya siku nikimtazama mhudumu anavyofungua mlango: hasimami katikati, anasimama pembeni, mkono mmoja nyuma. Askari wa lango alinifuata akaniuliza kwa ukali, "Wewe iko natafuta nani hapa?" Nikamwambia najifunza mlango. Alinitazama, akaita mwenzake, wakacheka mpaka wakashika ukuta, kisha wakaniruhusu kubaki. Nilirudi na glavu nyeupe za kwanza ambazo kanisa letu liliwahi kuwa nazo. Nikatengeneza pia kamba yenye mafundo, fundo moja kila hatua, ya kupimia nafasi kati ya mabenchi. Ndiyo iliyonipa jina. Watu wengi hapa kambini hawajui naitwa Byamungu. Wanajua Kamba.

"Kamba amefika," walikuwa wanasema. "Kaeni wima, asije akatupima na sisi."

Sasa niwaeleze mstari wa salamu, kwa maana ndio shabaha ya maneno yangu yote. Ninyi mmeukuta na hamwoni ajabu yake. Ibada ikiisha, Mchungaji anatoka wa kwanza na kusimama nje kando ya mlango. Wa pili anatoka, anampa mkono, anasimama baada yake. Wa tatu anawapa mikono wote wawili, anasimama. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho, na mstari unazunguka kanisa kama nyoka aliyemeza mbuzi. Ukifika mwisho umeshashika mkono wa kila mtu na kila mtu ameshika wako. Inachukua muda mrefu kuliko mahubiri. Mimi, kwa miaka mingi, niliuona mstari ule kama hasara ya utaratibu. Jua linachoma, watoto wanalia, wazee wanapiga soga katikati na kuzuia wenzao. Nilikuwa nazunguka pembeni na glavu zangu nikisema, "Sogeeni, sogeeni," na hakuna aliyesogea.

Mwaka wangu wa saba mlangoni ndio ulioleta kolera, yaani kipindupindu. Tulikuwa tumesikia habari zake kwenye redio, nchi baada ya nchi, kama unavyosikia mvua inakuja juu ya mabati ya jirani. Halafu ikawa kwetu. Mtu anaamka mzima, mchana anaharisha maji meupe, jioni macho yameingia ndani. Watu wa afya walisimamisha mahema meupe karibu na zahanati na kuyazungushia uzio.

Bwana afya wa wilaya alitoka Isingiro kwa pikipiki, akatukuta siku ya Ijumaa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Alikuwa Mnyankole mrefu, jina lake Mwesigwa, na Kiswahili chake alikipata jeshini, kama alivyotuambia mwenyewe, kule Makenke.

"Nyinyi watu ya kanisa," alisema, "mnapenda mkono sana. Mimi nimepita hapa Jumapili, nimeona. Mkono, mkono, mkono, halafu munaenda kula pamoja. Sasa, sebo," akamgeukia Mchungaji, "kama iko hivi tena, mimi nafunga hii kanisa. Usiniambie mambo ya Mungu. Mungu iko na mimi pia."

Mchungaji Zakaria aliinamisha kichwa. Kanisa hilo lilikuwa kitu pekee ambacho wengi wetu tulikijenga kwa mikono yetu tangu tuvuke mpaka. Wazee wote walinitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia furaha. Hatimaye kulikuwa na jambo linalohitaji kamba.

Sikulala vizuri, lakini Jumamosi asubuhi nilikuwa na mpango umeandikwa kwa rula. Kanisa litagawanyika makundi matano, kila kundi litasali nje katika uwanja wa nyumba moja. Kila mtu atakaa kwenye fundo lake la kamba. Kila kundi litakuwa na jerikani imening'inizwa, unakanyaga kijiti maji yanamwagika, huigusi kwa mkono. Ndoo ya maji yenye dawa ya klorini itakuwa pembeni kwa kuosha mabenchi. Ushirika mtakatifu kila mtu atakuja na kikombe chake. Chakula cha pamoja hakuna. Kwenye msiba watu wasimame mbali, na wasilale kwenye kilio. Glavu nyeupe tuzichome, kwa sababu nilitambua kwa aibu kwamba kwa miaka yote nilikuwa nabeba uchafu wa mkono mmoja kwenda mwingine, tena kwa heshima. Na mstari wa salamu, hakuna. Mtu aweke kiganja kifuani, ainame kidogo, aende nyumbani.

Yote hayo yalikuwa sawa. Nataka mlielewe hili, kwa maana siku hizi wapo wanaosema tulizidisha. Hatukuzidisha. Mikono ilipaswa kusimama.

Jioni ile Mama Nabintu alisikiliza mpango wangu wote akiwa amekaa kwenye kigoda, anachambua ndagala kwenye ungo. Nilipofika kwenye mstari, mikono yake ilisimama.

"Mustari unautosha," alisema, yaani nauondoa.

"Ndiyo, Mama. Ni amri ya bwana afya."

"Bwana afya alikataza mukono. Weye unatosha mustari muzima. Sasa utatuhesabia na nini?"

"Na daftari, Mama. Kila kundi lina daftari."

"Daftari," alisema, kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi. "Byamungu, daftari inajua mwenye amekuya."

"Ndiyo, Mama, hiyo ndiyo kazi yake."

"Haya," akasema. "Weye ndiye unajua kusoma."

Akarudi kwenye ndagala zake na hakunitazama tena. Nilimuaga mara mbili. Niliondoka na hasira, nikijiambia kwamba mama huyu amezoea mambo ya zamani, na kwamba kesho akiona jinsi kila kitu kinavyokwenda atanyamaza.

Jumapili hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupanga. Nilizunguka na baiskeli kundi hadi kundi. Watu walikuwa kwenye mafundo yao. Jerikani zilifanya kazi. Kitu pekee kilichokwenda kombo ni Papa Safari, fundi wa baiskeli, aliyeambiwa aje na kikombe chake akaja na jagi.

"Papa Safari," Mchungaji alimwambia, "hii ni meza ya Bwana, si harusi."

"Pasta, ndicho chombo niko nacho. Weye tia kidogo tu, Bwana anaona moyo."

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa kizuri kukisikia wiki ile.

Kwenye kundi la kwanza niliuliza kama Mama Nabintu yupo. Wakasema, "Atakuwa kundi la pili, kwa bakwe zake." Kundi la pili wakasema, "Alisema atasali kwenye ba mama ba kwaya." Huko ni kundi la tatu, ambalo Riziki alikuwa analisimamia, akiwa msichana mgeni katika kazi. Aliniambia, "Kaka Kamba, hapa hayuko. Nilidhani yuko kwenu." Nilipofika kundi la nne na kumkosa, nilijua hayupo popote. Na kundi la tano sikuuliza.

Hapa ndipo nilipochana kurasa nyingi. Niliandika kwamba nilichanganyikiwa. Si kweli. Niliandika kwamba nilikuwa na haraka. Nayo si kweli, nilikuwa na muda, baiskeli ilikuwa nzima, na nyumba yake haikuwa mbali na pale niliposimama. Ukweli ni huu: nilijiambia, "Amenuna." Na nikasikia nafuu. Nilifurahi kwamba hayupo, kwa sababu angekuwepo angeona kila kosa, na Jumapili ile nilitaka moja tu isiyo na kosa. Nikafunga daftari. Hesabu ya waliokuja ilikuwa sahihi kabisa.

Jumatatu asubuhi Mwesigwa alikuja kukagua. Nikampa mpango wangu uliopigwa rula. Aliusoma, akanipiga bega kisha akakumbuka, akaenda kunawa.

"Wewe ni mutu ya kazi," alisema. "Hii nitaonyesha makanisa mengine. Hata misikiti."

Nilipanda baiskeli kwenda kwa Mama Nabintu. Sikwenda kumtazama hali. Nilikwenda kujisifu. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani: nitaanza na bega, nitamaliza na misikiti.

Jerikani yake ilikuwa imelala nje, kinywa chini. Kuku walikuwa ndani ya kibanda chao bado, na jua lilikuwa limepanda. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, nikasukuma mlango kidogo.

"Bakia kule," ikaja sauti. Sikuitambua. "Usiingie. Usiguse."

Alikuwa sakafuni kati ya mkeka na mlango. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Karibu naye kulikuwa na sufuria ya maji yenye sukari na chumvi, kama watu wa afya walivyofundisha, imebaki kidogo chini. Alikuwa ameanza kuugua Jumamosi usiku, saa chache baada ya mimi kutoka pale.

Nilisimama mlangoni, mikono hewani, sijui niiweke wapi. Akafungua macho.

"Jana mulisali?"

"Tulisali, Mama."

"Batu balikuya?"

"Walikuja."

"Bote?"

Nikasema, "Wote, Mama."

Sijui kwa nini nilisema vile. Nimejiuliza miaka mitano. Akafumba macho. Nikatupa baiskeli, nikakimbia kwa miguu mpaka kwenye mahema, kisha nikakumbuka kwamba baiskeli ingekuwa na kasi zaidi.

Walimbeba kwa machela, wakapuliza dawa ndani ya nyumba, wakachoma mkeka. Hemani walimtundikia maji mkononi. Muuguzi mmoja alinijia kwenye uzio, mama Mganda mwenye gamubutsi, buti za mpira nyeupe hadi magotini, akanieleza kwamba maji yalikauka mwilini muda mrefu na figo zimechoka.

"Sasa tunangoja mukojo tu, sebo," aliniambia. "Akikojoa, ni mutu. Asipokojoa..." akanyoosha mkono kuelekea upande ambao walikuwa wanazika.

Basi tukangoja mkojo. Nilikaa kwenye uzio ule Jumatatu na Jumanne. Sikuweza kukaa chini. Nilitembea kutoka nguzo hadi nguzo, nikagundua kwamba nguzo zimepishana, nikatamani kuzinyoosha, nikajichukia. Makundi yote matano yalipelekewa habari, na Mchungaji alikuja jioni ya Jumanne kuomba nasi, kila mtu mbali na mwenzake. Alikuwa mtu wa adabu sana na neno lenyewe lilimshinda.

"Ee Bwana," alisema, "fungua chemchemi. Uliyefungua mwamba jangwani, fungua... fungua chemchemi ya mama yetu."

"Akojoe!" Papa Safari alisema kwa sauti kutoka nyuma. "Sema tu, Pasta. Mungu ndiye ametengeneza."

"Amina," watu wakaitikia.

Jumatano asubuhi yule muuguzi alitoka hemani ameinua beseni la chuma juu kama kombe la mpira. Watu waliokuwa kwenye uzio walipiga vigelegele. Nadhani hakuna mkojo uliowahi kushangiliwa hivyo katika wilaya nzima. Mimi nilikaa chini, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, akiwa na fimbo ambayo hajaiacha tena. Nilikwenda kumwomba msamaha. Nikamwambia, "Mama, kila kundi lilidhani uko kundi jingine." Hilo lilikuwa kweli. Nikaliacha hapo. Sehemu ya pili, kwamba mimi sikudhani hivyo, kwamba mimi nilijua hayupo popote nikasema amenuna na nikafurahi, sikuisema. Nilimwambia Mchungaji peke yake, akaniombea, akaniambia nitakapokuwa tayari nitamwambia mwenyewe. Sikuwahi kuwa tayari. Ninaijua njia ya kupima umbali kati ya mabenchi, lakini ile ya kutoka mdomoni mwangu hadi masikioni mwa mama yule nilishindwa.

Siku ile alisema jambo moja tu. "Sasa umeona kazi ya mustari."

"Nimeona, Mama."

"Mukono si kitu. Nikishika mukono yako, siangalie mukono. Naangalia mukono gani sijashika."

Kutoka hapo ndipo tulipotengeneza utaratibu mnaoukuta, na ninaomba muulinde kuliko mabenchi. Mwisho wa ibada watu walisimama kwenye mafundo yao nje, mikono kifuani, na kiongozi wa kundi aliuliza, "Nani hayuko?" Aliyejua alitaja jina. Ilikuwa mwiko kwa mtu yeyote kusema "atakuwa kwingine" au "nimesikia kwamba." Jina likitajwa, watu wawili walikwenda nyumbani kwake kabla ya kula, wakasimama mlangoni bila kuingia, wakaita mpaka wajibiwe. Mara ya kwanza tulitaja majina mengi mno, kwa sababu watu walitaja hata wadeni wao na shemeji zao walioko Bujumbura. Tukajifunza. Jumapili ya pili tuliwapata wawili wagonjwa ndani, wote wakawahi hemani. Mwesigwa alituona akauliza, "Hii nini tena mnafanya?" Nilipomweleza, akawa anamtuma mtu wake kila Jumapili mchana achukue majina.

Kolera iliisha kama ilivyokuja, bila kuaga. Mahema yalikunjwa. Mikono ikarudi kwenye mstari, kwanza ncha za vidole, halafu viganja, halafu Papa Safari akaanza kukumbatia watu na tukajua mambo yamekuwa kawaida. Jerikani za mlangoni nilizibakiza. Lile swali nalo likabaki. Kila Jumapili, mstari ukishazunguka kanisa, mkuu wa protokole anauliza kwa sauti nani hayuko. Nimeliuliza miaka mitano.

Nilikusudia kumaliza hapo, na mashauri machache: klorini pimeni kwa kifuniko, msikisie kwa jicho, kamba ianikeni, ikilowa inapungua na mafundo yanadanganya. Lakini Jumapili iliyopita, ya kwanza baada ya kustaafu kwangu, limetokea jambo ambalo limenifanya nichane tena mwisho na kuuandika upya.

Sikuja kanisani. Nilimwambia jirani kwamba nina tumbo. Sina tumbo. Nilikuwa naogopa kukaa kwenye benchi na kuona benchi la mbele yangu limekaa upande, nisiruhusiwe kulinyoosha. Nilikuwa naogopa zaidi kuona kwamba yamenyooka yote. Basi nilikaa nyumbani, nasikia kwaya kwa mbali, nikaingia ndani, nikatoka nje, nikapanga vikombe vitatu mezani kwa ukubwa, nikavipanga tena kwa rangi.

Kabla ya saa ya kula nikasikia fimbo kwenye changarawe.

"Hodi hapa," ilikuwa sauti ya Riziki. "Kaka Kamba, jina lako limetajwa."

Nilifungua. Riziki alikuwa amesimama nje, hatua mbili kutoka mlangoni, kama nilivyomfundisha. Nyuma yake alikuja Mama Nabintu, anatweta, na ni mwendo mrefu kwa miguu yake.

"Niko mzima," nilisema kwa haraka. "Kuchoka tu kidogo. Mama, hukupaswa kutembea mpaka huku! Nani kanitaja?"

"Mimi," akasema Mama Nabintu. Alitafuta jiwe, akakaa. Alimwambia Riziki aende akamtekee maji kwa jirani, na Riziki akaenda. Kisha akanitazama, miguu kwanza, uso baadaye.

"Ba protokole balikataa kuya," alisema. "Balisema, Kamba amenuna, juu bamemutosha ku mulango. Bamuache, itapita."

Masikio yalikuwa yanawaka.

"Nikabaambia, ata kama amenuna tuende. Mutu anaweza kununa na kugonjwa siku moja."

"Mama," nikasema. "Ile Jumapili. Mimi nilijua kwamba..."

"Najua vile ulijua. Ulisema 'bote' na macho ikaangalia chini. Nilikuwa nakufa, sikuwa kipofu." Akapangusa jasho kwa ncha ya kitenge. "Na mimi nilikuwa nimenuna kweli, Byamungu. Ile jioni nilisema, sitasali kwa kamba yake. Ata kama singegonjwa, singekuya. Haukukosea. Ulikosa kuya tu."

Riziki alirudi na kikombe cha maji. Mama Nabintu akanywa yote, akamrudishia, akanyoosha mkono kwangu nimwinue. Ulikuwa unanuka ndagala.

"Mustari ungali unangoja," alisema. "Pasta amesimama ku jua. Vaa viatu."

Nikavaa viatu.